Daraja Lililopimwa Siku za Matanga

Wenzangu wanastaafu na mvi. Mimi nimestaafu na mtoto kifuani na meno yangu yote kinywani. Ofisini hawasemi nimefukuzwa. Wanasema nafasi imeondolewa; mimi nilikuwa nimesimama tu juu yake ilipoondoka. Mkuu wa idara akaniomba niwaandikie nyinyi mnaoanza kazi kwenye madaraja na vivuko vya huku magharibi, mambo mawili matatu ya kuwafaa. Nadhani alitaka nitulie. Kuandika nimekubali.

Mshahara sitautaja, na cheo sikuwahi kuwa nacho. Nitasema kazi.

Kazi yangu ilikuwa kufungua daraja. Enzi za mkoloni kampuni moja ya magogo ilichimba mfereji katikati ya mafunjo, kutoka ziwani mpaka karibu na stesheni ya reli. Magogo yakaisha, kampuni ikaondoka, mfereji ukabaki na maji yake. Watu wa ziwani wakauchukua. Babu zao walitoka Ujiji na misafara, wakaja na ufundi wa mashua za matanga, na mpaka leo wanasafiri hivyo: mlingoti mrefu, tanga la amerikani lenye viraka, na shehena ya samaki wakavu, asali na nta ya kupeleka kwenye treni. Sasa, njia ile ya zamani ya wapagazi kutoka Tabora inakatiza mfereji. Ndiyo maana kukawa na daraja la mbao, na kwa kuwa milingoti haipiti chini ya daraja, kipande cha kati kikafanywa cha kuinuka. Cha kuinuka kinahitaji mtu wa kukiinua. Huyo mtu nilikuwa mimi.

Nilimaliza kidato cha nne miaka michache baada ya Uhuru. Nilitaka ukarani wa mjini, wa kukaa kivulini na kurudi nyumbani Gongoni, pale pale Tabora, mchana kwa baba yangu, fundi cherehani. Bwana aliyegawa nafasi akaniambia iliyobaki ni moja, ya mferejini.

"Wanaume wameikataa," akasema. "Wanasema kule hakuna mtu."

"Mimi ni mwanamke."

"Naona. Ndiyo maana nakupa."

Siku ya kwanza nilishuka stesheni na kikapu na godoro, nikatembea na ile njia ya wapagazi mpaka nikaona kibanda, winchi na mzee mmoja amekaa juu ya sanduku la mawe. Huyo alikuwa Mzee Mlekwa, Mnyamwezi, mlinzi wa daraja tangu enzi za kampuni. Macho yalikuwa yamemchoka, naye alikuwa anangoja wa kumwachia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mlinzi mpya umemwacha wapi?"

"Ni mimi."

Akaangalia njia nyuma yangu kwa muda. Nikamwambia hakuna mwingine anayekuja.

"Unajua kupika?"

"Najua."

"Mimi sijui. Mke wangu alikufa na ufundi wake. Basi tutaelewana."

Akanipa kibanda, yeye akahamia nyumba yake ya udongo ng'ambo ya mfereji. Kila asubuhi alivuka akasema "Mwangaluka", salamu ya kwao, akala uji wangu, kisha akaanza kunifundisha kwa kunikaripia. Winchi inapakwa grisi kabla haijalia; ikishalia umechelewa. Waya unaukagua kwa kitambaa, siyo kwa kiganja, kwa sababu uzi mmoja uliokatika unaingia kwenye nyama kama mwiba. Sanduku la mawe ndilo linalobeba uzito upande wa pili ili hata mtu mmoja aweze kuliinua daraja, na mbao zikilowa masika unaongeza mawe, kiangazi unapunguza. Niliuliza kwa nini hayo hayakuandikwa mahali. Akasema aliyetaka kuyaandika aliliwa na mamba. Sikujua kama ni kweli. Mamba walikuwepo.

Jambo kubwa alilonifundisha lilikuwa baragumu. Kila mashua ina pembe yake na mlio wake. Mafunjo ni marefu, hutawaona wakija, unawasikia. Wakipiga, unashusha kizuizi cha barabara, unainua daraja, unasimama kwenye winchi. Nahodha akikukaribia anauliza, "Mlinzi, njia iko wazi?" hata kama anaiona kwa macho kuwa iko wazi. Wewe unajibu, "Wazi, nahodha, pita salama." Usipojibu hapiti. Anageuza mashua kwenye upepo na kukulaani kwa adabu.

"Kwa nini waulize kitu wanachokiona?" nilimwuliza mzee.

"Wewe mtu akipita mlangoni kwako bila hodi, kwa kuwa mlango uko wazi, utamwitaje?"

Basi hivyo ndivyo nilivyoishi. Nitasema wazi, kwa kuwa nyinyi wengine mtapangiwa mahali kama pale: upweke ule hauna dawa. Nilizoea watu kwa sauti ya pembe. Nahodha Mrisho, pembe nene yenye kikohozi mwishoni. Ndugu wawili wa mashua ya bluu, pembe inayopaa kama inauliza. Unasikia, moyo unaruka, unazungusha winchi, unamwona mtu kwa muda ule tu mashua inapopita, mnasalimiana, anakutupia samaki au habari, halafu ni mgongo wake na tanga. Baada ya hapo ni mafunjo. Kuna siku niliongea na winchi, na siku nyingine nikainyamazia kwa kuwa ilikuwa imeniudhi.

Niliolewa na fundi wa reli. Tulikutana stesheni nilipofuata grisi. Walimhamishia Kigoma, akaniambia nifuate, nikamwuliza daraja nimwachie nani. Akasema daraja siyo mume wako. Nikamwambia daraja halijahamishwa. Hiyo ndiyo ndoa yetu mpaka leo; anakuja likizo, tunapatana, anaondoka. Mwanangu Zuhura alipatikana katika likizo moja nzuri.

Kesi ngumu zilikuwa za barabarani. Mashua yenye upepo haisimami, gari linasimama. Hiyo ni sheria, na siyo mimi niliyeitunga. Lakini kaeleze hayo kwa mtu aliye ndani ya Landrova. Wakati wa kuhamishia watu vijijini, malori yalianza kupita kutwa, yamebeba vitanda, mbuzi, mabati, wazee waliokaa juu ya mizigo yao wakiangalia walikotoka. Malori mengine yalibeba mahindi ya kuwalisha hao hao. Siku moja mkubwa mmoja wa operesheni alifika kizuizini wakati Mrisho anaingia na upepo wa nyuma.

"Fungua, binti."

"Namsubiri huyu apite, mheshimiwa."

"Unaifungia serikali njia kwa ajili ya kambale?"

"Na mimi ni serikali. Ndiyo inayonilipa nifunge."

Hakucheka. Mrisho alipita, akamwinulia kofia yake kwa heshima zote, jambo lililomchukiza zaidi. Baada ya hapo tukasikia kwamba litajengwa daraja jipya la zege, la kudumu, lisilofunguka.

Hapa nataka mnielewe vizuri, maana ofisini wamenielewa vibaya makusudi. Sikulipinga daraja jipya. La mbao lilikuwa limechoka na lori lingezama siku moja na watu juu. Nilichotaka ni kitu kimoja: linyanyuliwe, milingoti ipite chini. Mteremko wa barabara ungekuwa mrefu kidogo pande zote mbili, basi. Kazi yangu ingekufa hata hivyo, nami nilijua. Mashua zisingekufa. Mzee Mlekwa na mimi tulishapanga: injinia akija kupima, tutamwomba akae mpaka ipite mashua yenye shehena, aone mlingoti kwa macho yake.

Mzee alifariki kabla injinia hajaja. Alilala mchana hakuamka. Mimi nilikuwa nimejifungua juzi tu, niko kibandani kwenye arobaini, na Bi Tatu, mkunga kutoka stesheni, amekaa mlangoni kama polisi. Aliyenifundisha kazi alizikwa ng'ambo ya mfereji nami nikasikiliza dua kupitia ukutani. Mkwe wake, Masanja, ndiye aliyeshika winchi kwa muda.

Sasa sikilizeni desturi ya watu wa mashua. Wakifiwa, wanalaza milingoti. Mashua zote, siyo ya mfiwa peke yake. Wanaushusha mlingoti, wanaulaza juu ya mashua kutoka tezi nyuma mpaka omo mbele, na matanga yanakunjwa. Shehena hawabebi, kwa sababu mlingoti ukilala hakuna pa kuiweka. Wanakwenda kwa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia, wakiwa watupu, kimya, baragumu halipigwi. Mpaka matanga yaishe hakuna anayetamka neno upepo wala mlingoti, mtu akiuliza habari za safari anajibiwa "Mungu ni mkubwa." Hiyo ni heshima ya mtu wa mashua. Mzee Mlekwa hakuwahi kupanda mashua maishani mwake, aliogopa maji. Lakini walimlazia. Nahodha Mrisho alisema aliyewaitikia hodi miaka yote ile ni mwenzao.

Nililia niliposikia. Sikufikiri zaidi ya hapo. Nani angefikiri?

Injinia alikuja siku hizo hizo.

Nilimwona kwa dirisha. Kijana, shati jeupe, mtu wa kubeba mti wa kupimia nyuma yake. Alisimama darajani asubuhi nzima. Mashua zikaja moja baada ya nyingine, tambarare kama milango, zikapita chini ya daraja lililofungwa na nafasi ikabaki. Masanja hakugusa winchi. Nikaona injinia anatazama mashua, anatazama winchi, anatazama kizuizi cha barabara, na nikajua kabisa anachofikiri. Anafikiri: kumbe haya yote ni ya bure.

Nikasimama. Bi Tatu akasimama pia.

"Unakwenda wapi?"

"Kumwambia yule bwana kitu."

"Mzazi hatoki. Kichwa wazi, tumbo wazi, maji hapo, na maiti kazikwa ng'ambo. Unataka nimwambie nini baba yako?"

"Basi nenda wewe. Mwambie mashua zina milingoti. Mwambie haya ni matanga."

Bi Tatu akaenda, Mungu amlipe. Nikaona anamsalimia injinia, anamwelekeza kwa Nahodha Mrisho aliyekuwa amefunga mashua ukingoni. Nikaona Mrisho anavua kofia. Midomo ikasogea kidogo tu. Bi Tatu akarudi.

"Amesemaje?"

"Injinia kamwuliza, mashua zenu zina milingoti mirefu kiasi gani?"

"Na Mrisho?"

"Kasema Mungu ni mkubwa."

Nilikwenda mlangoni. Bi Tatu alinishika mkono, mtoto akalia, maziwa yakanitoka yakalowesha kanga, na injinia akapanda gari lake. Nilimwita. Sauti ya mzazi siyo sauti ya baragumu.

Arobaini ilipokwisha nilipanda treni kwenda Tabora na Zuhura mgongoni. Injinia alinipokea vizuri, lazima niseme. Alinipa kiti, akamletea mtoto maji ambayo mtoto hanywi. Nikamweleza kila kitu, desturi, mlingoti, shehena. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, mimi niliona kwa macho yangu. Zilipita."

"Uliona matanga."

"Sawa. Kumbe basi milingoti inalazika."

"Inalazika mashua ikiwa tupu. Uliona mzigo wowote?"

Akafikiri. "Sikuona."

"Na inalazwa kwa ajili ya maiti."

Hapo akasema neno ambalo nimelibeba mpaka leo, na alilisema bila ubaya, kwa upole, kama mtu anayekusaidia kuelewa. "Kama wanaweza kulaza kwa heshima ya mtu mmoja aliyekufa, watashindwaje kulaza kwa ajili ya taifa zima linalojengwa?"

Nilikuwa na majibu mengi. Yalinijia yote kwenye treni, wakati wa kurudi. Pale ofisini nilisema tu, "Taifa halijafa," naye akatabasamu, akasema nondo zimeshakatwa na nguzo zimeshamwagwa zege kwa kimo kile, na malori ya mahindi hayawezi kungoja. Hilo la mahindi lilikuwa kweli. Ndilo lililoniuma, kwamba kulikuwa na kweli ndani yake. Kunyanyua nguzo kungekula msimu mzima, na mvua ikija vijiji vipya vingekatika. Alinisindikiza mpaka nje, akamshika mtoto shavu. Nilitamani awe mtu mbaya.

Nilimfuata Nahodha Mrisho pia, maana hasira yangu haikuwa na mipaka. Nikamkuta anashona tanga.

"Neno moja, nahodha. Ungesema neno moja tu."

"Wakati wa matanga?"

"Mzee mwenyewe angekuambia useme."

"Angesema hivyo akiwa hai," Mrisho akajibu. "Akishakufa hana amri, sisi ndio anaotudai heshima. Leo nivunje kwa ajili ya daraja, kesho mwanangu avunje kwa ajili ya bei ya samaki. Wewe mbona hukutoka?"

"Nilikuwa mzazi."

"Ehe," akasema, akarudi kwenye tanga lake. Kila mtu alikuwa na lake la kumzuia, na hakuna lililokuwa la kijinga.

Kabla hawajaweka mihimili, fundi mkuu alinipa asubuhi moja ya kupitisha mashua zote zilizokuwa upande wa stesheni zirudi ziwani, maana zingebaki huku zisingetoka tena. Nilipaka winchi grisi kama ya arusi. Niliinua daraja nikaliacha juu. Zilikuja na matanga kamili, na kila nahodha aliuliza kama njia iko wazi, nami nikajibu kila mmoja kwa neno lile lile, Zuhura mgongoni amelala. Fundi mkuu alitaka zipite kwa mfululizo ili amalize haraka. Nikamwambia mfululizo ni wa malori. Ya mwisho ilikuwa ya Mrisho. Halafu nikashusha daraja, waya ukatulia, na kesho yake winchi ikapandishwa kwenye lori kama chuma chakavu. Hawakuniuliza.

Daraja la zege ni zuri. Malori yanapita bila kupunguza mwendo, na mimi sina kizuizi cha kushusha, kwa hiyo hakuna dereva anayejua kama kuna mtu anaishi pale. Nimeambiwa kibanda nikiache, nimepangiwa kiwanja kwenye kijiji kipya kando ya barabara. Nitahama. Sijahama bado.

Maana mashua bado zinakuja. Kulaza milingoti kupita chini wamekataa, hata wakiwa watupu. Wanasema hawatajitangazia msiba kila wiki. Zinafika mpaka kwenye zege, zinasimama, na shehena inashushwa na kupandishwa ukingo kwa kichwa, kuvushwa barabara, na kubebwa hivyo hivyo mpaka stesheni. Njia ya wapagazi imerudi kuwa ya wapagazi. Juu kidogo yanapita malori ya kujenga nchi, na pembeni wanatembea wanaume na nta vichwani kama babu zao. Ukimweleza mtu wa ofisini anadhani unatania. Ndugu wa mashua ya bluu wamechoka, wameibomoa wakauza mbao zake, wako kijijini wanalima tumbaku. Nyingine zitafuata. Sijidanganyi.

Nyinyi mnaoanza kazi, ushauri wangu ni huu. Pakeni grisi kabla haijalia. Kagueni waya kwa kitambaa. Na mtu wa kupima akija, tokeni nje. Hata kama mmezaa jana, hata kama mna maiti ndani, tokeni na kanga iliyolowa mkasimame mbele yake, kisha muombe radhi kwa mkunga na kwa marehemu. Watawasema. Mimi nilitunza adabu, na Bi Tatu alitunza ya kwake, na Mrisho ya kwake, na tumebaki na daraja.

Leo asubuhi nimesikia baragumu nyuma ya mafunjo, ile nene yenye kikohozi mwishoni. Zuhura anaijua, ameacha uji akageuza kichwa. Nimembeba, tumekwenda kusimama pale ilipokuwa winchi, ambapo zimebaki bolti nne kwenye simiti. Mrisho ameingia na upepo wa nyuma, ameteremsha tanga dakika za mwisho, mlingoti umesimama karibu kabisa na zege.

"Mlinzi, njia iko wazi?"

"Imefungwa, nahodha."

"Basi nangoja," amesema, akatupa nanga.

Nikamshusha mtoto, nikajifunga kanga vizuri, nikaenda kupokea samaki.